Wanavyuo na kamusi elezo ya Kiswahili: Zawadi huleta makala, ni nani hubaki kuyatunza?

MTU anapotafuta mtandaoni habari za mto, ugonjwa au mwandishi fulani kwa Kiswahili, ukurasa wa Wikipedia huwa miongoni mwa kurasa za mwanzo kumjia. Mara nyingine huwa ndio pekee. Ukurasa huo haukuandikwa na profesa aliyelipwa, wala haukupitishwa na jopo la wahariri walioajiriwa. Uliandikwa na mtu aliyejitolea, pengine usiku baada ya kazi zake, na huenda ukawa na sentensi tatu tu zinazofuatwa na ombi kwamba msomaji mwenye ujuzi zaidi aongezee.

Suala la nani hasa ajitolee kuiandika kamusi elezo hii limezungumzwa kwa zaidi ya miaka 15, na kila mara macho huelekezwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Sababu zake zina mashiko. Mwanafunzi ana maktaba karibu, ana mtandao wa chuo, anakimudu Kiswahili na Kiingereza, na amezoea kuandika kazi zenye marejeleo. Isitoshe, wapo kwa maelfu. Hata hivyo, majaribio yaliyokwisha kufanywa yanaonyesha kwamba kumpata mwanafunzi aandike makala moja ni kazi rahisi. Kumpata arudi mwezi ujao kuyasahihisha ndiko kugumu.

Wikipedia ya Kiingereza ilianzishwa Januari 15, 2001 na Wamarekani Jimmy Wales na Larry Sanger. Ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Ilijikokota mwanzoni: ilipita makala 1,000 mnamo Agosti 2006, na 10,000 mnamo Juni 2009. Kufikia 2023 ilikuwa imepita makala 75,000, na hivyo kuwa miongoni mwa zilizo kubwa zaidi katika lugha za Kiafrika.

Idadi hiyo inapendeza, lakini msomaji asiipokee bila tahadhari. Sehemu kubwa ya makala hayo ni yale ambayo wanakamusi wenyewe huyaita mbegu, yaani kurasa fupi zinazosubiri kukuzwa. Zipo kata za Tanzania zenye jina la wilaya na idadi ya wakazi katika sensa, na basi. Ipo mito ya Kenya iliyotajwa kwa sentensi mbili tatu. Wapo watakatifu na wachezaji kandanda wengi wa namna hiyo hiyo. Mbegu si kosa, kwani kila makala marefu yalianza hivyo. Tatizo ni kwamba shamba ni kubwa na wakulima ni wachache mno, na miongoni mwa waliolilima kwa miaka mingi zaidi wamo watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Jambo hilo linastahili kumkera kidogo mwanafunzi wa Kiswahili wa Nairobi au Dar es Salaam, kwa maana njema.

Kanuni za nyumba

Yeyote anayetaka kuwaalika wanavyuo sharti kwanza aelewe namna nyumba yenyewe inavyoendeshwa. Kila ukurasa una kitufe cha kuhariri, na mabadiliko yakihifadhiwa huonekana papo hapo. Kila ukurasa una historia yake inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, kwa hiyo lililoharibiwa huweza kurudishwa. Kando yake kuna ukurasa wa majadiliano, ambako waandishi huulizana, hukosoana na wakati mwingine hugombana. Wakabidhi ni wahariri wazoefu waliochaguliwa na wenzao. Hao wana uwezo wa kufuta kurasa zisizofaa na kuwazuia waharibifu.

Kanuni zinazowatatiza wageni ni tatu. Ya kwanza ni kutoegemea upande wowote: makala kuhusu mwanasiasa si mahali pa kumsifu wala kumponda. Ya pili ni kwamba kila dai lithibitike katika maandishi yaliyochapishwa mahali pa kuaminika. Mwandishi haruhusiwi kuleta utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa, hata kama ni wa kweli kabisa. Ya tatu, ambayo imewaangusha wanafunzi wengi kuliko nyingine zote, ni hakimiliki. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuyatumia na kuyabadilisha, hata kwa biashara, mradi ataje yalikotoka na kuyatoa kwa masharti yayo hayo. Kwa sababu hiyo, aya iliyonakiliwa kutoka kitabu cha mtu mwingine haina nafasi humo. Anayeinakili anagawa mali isiyo yake.

Shindano la 2009

Jaribio kubwa la kwanza la kuwavuta wanavyuo wa Afrika Mashariki lilifanywa na kampuni ya Google. Mwishoni mwa 2009 iliwaalika wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kushindana kuandika makala ya Wikipedia kwa Kiswahili. Washindi waliahidiwa zawadi, kipakatalishi kikiwa mojawapo.

Wakati ulikuwa umeiva. Katikati ya mwaka huo nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilikuwa zimefika Mombasa, na wanafunzi waliozoea kulipia kila dakika katika mikahawa ya intaneti walianza kuonja mtandao wenye kasi. Mnamo Agosti mwaka uo huo Google ilikuwa imekiongeza Kiswahili katika chombo chake cha kutafsiri. Kampuni hiyo haikuficha kwamba na yenyewe ilikuwa na haja: mtambo wa kutafuta hauna la kumwonyesha mtu anayetafuta kwa Kiswahili iwapo hakuna kilichoandikwa kwa Kiswahili.

Matokeo yalikuja kwa kishindo. Mamia ya makala mapya yaliingia katika muda wa wiki chache, idadi ambayo wajitolea wa kawaida wangeifikia kwa miezi mingi. Mengine yalikuwa mazuri, hasa yale ambayo mwandishi alieleza mambo aliyoyafahamu. Mengine yalikuwa tafsiri za mashine zilizobandikwa bila kusomwa.

Anayezijua tafsiri za mashine za miaka ile hahitaji kuelezwa zaidi, ila kwa faida ya vijana na tuseme machache. Kiingereza kina neno moja linalomtaja ndege korongo na vilevile winchi ya kunyanyulia mizigo bandarini. Mashine ilikuwa ikichagua moja kwa kubahatisha. Upatanisho wa ngeli ulivurugika, mji ukaitwa "yeye" na watu wakawa "ambayo". Sentensi ilianza na kiima kimoja ikamalizika na kingine. Msomaji aliyejua Kiingereza aliweza kukisia mwandishi alikusudia nini kwa kuirudisha sentensi katika lugha ilikotoka. Msomaji asiyekijua, ambaye hasa ndiye aliyekusudiwa, hakuambulia kitu.

Kazi ya kusafisha iliwaangukia wajitolea wachache waliokuwapo kabla ya shindano, watu wasiozidi kiganja ambao hawakuwa na zawadi yoyote ya kutarajia. Walipoacha ujumbe katika kurasa za majadiliano za washindani, mara nyingi hawakujibiwa, kwa kuwa washindani hawakujua kwamba kurasa hizo zipo. Zawadi zilipogawanywa, karibu wote walitoweka. Hapa sidhani ni haki kuwalaumu wanafunzi. Waliombwa makala, wakaleta makala. Hakuna aliyewaomba wabaki.

Kasoro ilikuwa katika kipimo. Shindano linapohesabu kurasa, mshindani mwenye busara huandika kurasa nyingi fupi kwa haraka. Linapotoa zawadi siku ya mwisho, humfundisha kila mtu kwamba kazi imekwisha siku hiyo.

Mwaka uliofuata, 2010, Google ilijaribu njia nyingine iliyoitwa Health Speaks, safari hii kwa makala ya afya katika Kiarabu, Kihindi na Kiswahili. Wajitolea walitafsiri makala ya Kiingereza, nayo kampuni ikaahidi kutoa senti 3 za Marekani kwa kila neno, si kwa mtafsiri bali kwa mashirika ya afya. Kwa upande wa Kiswahili mfadhiliwa alikuwa shirika la AMREF. Wazo la kumwondolea mtafsiri tamaa ya zawadi lilikuwa la maana, na uteuzi wa afya ulikuwa wa maana zaidi, kwani hapo ndipo kosa la lugha huweza kumgharimu mtu. Aliyesoma vibaya makala kuhusu korongo atachekwa. Aliyesoma vibaya kipimo cha dawa ya mtoto ana hatari nyingine kabisa. Hata hivyo kipimo kilibaki kile kile: idadi ya maneno.

Pune na Cairo

Mambo haya hayakutokea Afrika Mashariki pekee. Mwaka 2011 Wakfu wa Wikimedia, wenye makao Marekani na unaosimamia Wikipedia, ulianzisha mpango wa majaribio katika vyuo vya mji wa Pune, India. Mamia ya wanafunzi waliagizwa kuandika katika Wikipedia ya Kiingereza kama sehemu ya masomo yao, kwa hiyo hapakuwa na kipakatalishi cha kushindania. Palikuwa na alama. Wengi walinakili vitabu vya kiada neno kwa neno, na wahariri wa kujitolea sehemu nyingine za dunia wakajikuta wakifuta kurasa usiku na mchana. Kabla ya mwaka kumalizika mpango ulisitishwa. Ilibainika kwamba madarasa yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa wasaidizi, na kwamba wanafunzi wengi hawakuwa wameelezwa tofauti kati ya kunakili na kueleza kwa maneno yao wenyewe.

Mwaka 2012 mpango wa aina hiyo ulianzishwa Cairo, katika Chuo Kikuu cha Cairo na kile cha Ain Shams, ukawa na sura nyingine. Ulianza na madarasa machache, mengi ya idara za lugha, na wanafunzi waliandika kwa Kiarabu, lugha yao wenyewe. Wengi wao walikuwa wanawake, jambo la kutajwa kwa sababu tafiti za Wakfu huo zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake ni wachache sana miongoni mwa wahariri wa Wikipedia. Mpango huo uliendelea mihula iliyofuata, na baadhi ya waliokuwa wanafunzi muhula wa kwanza walirudi kuwasaidia wageni wa muhula wa pili.

Tukiilinganisha miji hii miwili tutaona kwamba alama za darasani peke yake si dawa wala si sumu. Cairo walianza na watu wachache, wakaandika katika lugha waliyoimiliki, na kulikuwa na mtu wa kuwasomea kabla kazi haijaenea.

Chumba cha tarakilishi

Yapo pia matatizo madogo madogo ambayo hayaandikwi katika ripoti, nayo huua hamu ya mwanafunzi kuliko kanuni zote tatu za hapo juu.

Mathalani, mwandalizi wa warsha huwakusanya wanafunzi 40 katika chumba cha tarakilishi cha chuo na kuwaambia wote wafungue akaunti. Sita wa kwanza hufaulu. Wa saba hukataliwa. Wikipedia huweka kikomo cha akaunti sita kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao ili kuwazuia waharibifu, na chuo kizima huweza kuonekana kama anwani moja. Saa nzima hupotea, watu huanza kuchungulia rununu zao, na mwandalizi aliyekuja na shauku huondoka akidhani mtambo umeharibika. Dawa yake ni nyepesi: wanafunzi wafungue akaunti nyumbani siku moja kabla, kwa rununu, au mwandalizi aombe ruhusa mapema.

Au tuchukue mwanafunzi aliyehifadhi aya yake ya kwanza, akafurahi, akarudi baada ya dakika kumi akakuta imefutwa. Hajui kwamba sababu imeandikwa katika historia ya ukurasa. Anahisi amefukuzwa. Mwenyeji mmoja akikaa naye na kumwonyesha mahali pa kusoma sababu hiyo, na namna ya kujibu kwa adabu, huenda akapatikana mhariri wa miaka kumi. Asipokuwapo mwenyeji, huyo amekwenda na harudi.

Liko pia suala la istilahi, na hapa wanafunzi wa Kiswahili huwa na raha yao. Tuseme tarakilishi, kompyuta au ngamizi? Rununu, simu ya mkononi au simutamba? Mkenya na Mtanzania huweza kubishana juu ya jina la makala kwa wiki mbili bila kuongeza sentensi hata moja ndani yake. Mtambo wenyewe una suluhisho: jina moja hupewa makala na majina mengine huelekezwa huko, kwa hiyo msomaji atafika kwa vyovyote. Lakini mjadala si wa bure. Kumbukumbu zake hubaki hadharani, na mtafiti wa maendeleo ya istilahi atazipata siku moja.

Waandike nini?

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kutafsiri makala bora ya Kiingereza. Una faida yake, hasa kwa sayansi, na tangu 2015 Wikipedia ina chombo chake cha kumsaidia mtafsiri kuona maandishi ya lugha mbili sambamba. Mashine za siku hizi nazo zimeboreka sana kuliko zile za 2009. Hatari imebadilika umbo tu. Zamani tafsiri mbovu ilijitangaza katika mstari wa kwanza. Siku hizi sentensi hutiririka vizuri huku jina la dawa au mwaka ukiwa si sahihi, na msomaji asiye makini hupita bila kushtuka.

Jambo hili lina uzito mpya kwa sababu mitambo ya akili unde hufunzwa lugha kwa kusomeshwa maandishi ya mtandaoni, na Wikipedia ni sehemu ya chakula chake. Kwa lugha yenye maandishi machache mtandaoni, kijiko kimoja cha makapi huonekana katika sahani nzima. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja Mmarekani asiyeijua lugha hiyo, kwa miaka kadhaa, bila wenye lugha kuwapo wa kutosha kumkanya. Kiswahili kina wasemaji wengi mno kulinganisha na Kiskoti, lakini wasemaji na wahariri ni vitu viwili tofauti.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa Kenya angeanza na yale ambayo hayapo katika Kiingereza wala kwingineko. Kila mwaka idara za Kiswahili hupokea tasnifu kuhusu kazi za Euphrase Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Ken Walibora. Tasnifu hizo hukaa rafuni. Haziwezi kumwagwa zilivyo katika kamusi elezo, maana kamusi elezo si mahali pa hoja mpya, lakini orodha za marejeleo zilizo mwishoni mwake ni hazina: ndiko vilikotajwa vitabu, majarida na matoleo ya magazeti ambayo makala ya Wikipedia huyahitaji ili kuthibitika. Mwanafunzi aliyetumia miezi minane kuzikusanya angehitaji alasiri mbili kuandika makala thabiti kuhusu mwandishi aliyemsoma.

Hali kadhalika kwa mwanafunzi wa jiografia aliyefanya kazi ya nyanjani karibu na mto wenye mbegu ya sentensi mbili, au wa historia aliyepekua magazeti ya zamani katika hifadhi ya nyaraka. Inafaa kukumbuka kwamba marejeleo si lazima yawe ya Kiswahili. Yanaweza kuwa ya lugha yoyote, mradi maelezo yenyewe yaandikwe kwa Kiswahili.

Milango ipo. Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, kina wanachama katika nchi kadhaa na huwakutanisha katika makongamano. Tanzania kuna kikundi cha Jenga Wikipedia ya Kiswahili kinachofundisha wahariri wapya. Agosti 2025 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa wahariri wa Wikipedia kutoka pembe zote za dunia. Kabla ya hapo mkutano huo ulikuwa umefanyika barani Afrika mara mbili tu, Alexandria mwaka 2008 na Cape Town mwaka 2018.

Mhadhiri anayenuia kuanza hahitaji mfadhili. Anahitaji wanafunzi 15 au 20, si 200. Makala moja kwa kila mmoja yanatosha kwa muhula mzima, na alama zitolewe kwa marejeleo na kwa namna mwanafunzi alivyojibu katika ukurasa wa majadiliano, si kwa urefu. Zawadi ikiwapo, itolewe miezi sita baadaye kwa yule ambaye bado anahariri. Na kabla ya muhula kufunguliwa, mhadhiri aandike barua fupi katika ukurasa wa jumuiya wa Wikipedia ya Kiswahili, aeleze ni darasa gani linakuja, linaanza lini na litaandika nini. Wanaoisoma barua hiyo ndio watakaosahihisha kazi za wanafunzi wake saa nne usiku, na ni vyema wakijua majina yao ya mtandaoni mapema.